Herufi Mbili za Kujifunzia

Mama yangu alifundisha shule ya msingi kule Keko kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mtu yeyote aliyemaliza sentensi mbele yake. Alikuwa anazimalizia yeye, kwa Kiswahili kilichonyooka zaidi. Kwa hiyo kiharusi kilipokuja kilijua pa kupiga. Kilichukua mkono wake wa kulia, kikauacha wa kushoto ukitetemeka, halafu kikachukua ulimi.

Daktari alinihakikishia kwamba akili yake iko salama. "Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu," alisema. "Ulimi tu ndio umelala. Na chumvi, basi, asile tena." Habari hiyo niliipeleka kwa majirani zetu wote wa Yombo, nao waliielewa vizuri sana. Ndiyo maana kila aliyekuja kumwona alimwinamia na kumpigia kelele sikioni. Jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na mapafu mazuri zaidi, alikuwa hodari kuliko wote. "MAMA! UNANIJUA MIE? MIE JIRANI YAKO!" Mama alimtazama kwa lile jicho ambalo darasa la tatu walikuwa wakiliona wanakumbuka ghafla jedwali la saba. Jirani akanigeukia kwa huzuni. "Maskini, hata hanijui."

Mimi nilikuwa ninaumia kwa jambo dogo zaidi, nalo ni shikamoo. Mama alikuwa na sheria zake juu ya salamu. Ukimwamkia huku unapita, hakuitikii. Atakuita, "Rudi. Salamu haitupwi kama ganda la muwa." Unarudi, unasimama mbele yake, unasema shikamoo, na hapo ndipo unapewa marahaba yako, nzito, yenye herufi zote. Nimepewa marahaba hiyo kila asubuhi ya maisha yangu, hata asubuhi ambazo tulikuwa hatuongei. Sasa ilikuwa miezi saba naingia chumbani kwake, nasimama mbele ya kiti chake, nasema, "Shikamoo mama," halafu nasikia feni. Asiyewahi kuamkia mtu miezi saba bila kuitikiwa anaweza kuona ni mambo ya kitoto. Namwombea asije akajua.

Si kwamba hatukujaribu. Tulimpa kalamu katika mkono wa kushoto, akaandika kitu ambacho hata kuku aliyekanyaga wino angekikana. Tukaletewa kadibodi yenye herufi ili awe anaonyesha kwa kidole. Kidole kikatetemeka juu ya herufi tano kwa mpigo, mimi nikabahatisha, nikakosea, akaitupa kadibodi dirishani kwa mkono huohuo mmoja. Kaka yangu mkubwa akaleta kishikwambi cha kugusa kioo, kitu cha kisasa. Kwa mtetemo ule mama alifungua kila kitu kilichomo ndani yake isipokuwa mahali pa kuandikia.

Kaka ana nyumba Pugu, yenye geti na hewa ya milimani, na ana kipaji cha kuamua mambo ya watu wengine. Alikuja Jumapili moja, akasema "shikamoo mama" akiwa bado mlangoni anatafuta pa kuweka funguo za gari, akatoa hotuba. Mama ahamie Pugu. Atawekewa mtu wa kumhudumia. Nyumba hii ya Yombo ipangishwe.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikasema.

"Nimuulize vipi? Mama hajisemei. Lazima sie tumsemee. Jumapili ijayo tunakaa kikao na mama mdogo, tunamaliza hii ishu."

Mama alikuwa amekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwetu. Aligonga mkono wa kiti mara tatu kwa kidole. Kaka akasema, "Nadhani anataka maji."

Nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa ualimu, na kila tofali anajua lilimnyima nini. Kumwamulia ahame huku anasikia, halafu kumpa maji! Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Lakini hasira haikuwa jibu. Nilihitaji mama aseme mwenyewe, na nilikuwa na siku saba.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ya watu wanaotoa mizigo bandarini, kwa hiyo kitu pekee ninachokijua duniani ni kibodi. Kijana wa hesabu pale ofisini hucheza michezo ya kompyuta, na wiki kadhaa nyuma aliniuzia kibodi yake ya zamani, zile nene ambazo chini ya kila herufi kuna swichi yake yenye springi. Niliinunua kwa ajili ya mama. Kasoro yake ilikuwa moja tu: springi zilikuwa laini kupita kiasi, zimetengenezwa kwa watu wanaoshindana kufa na kuua kwa kasi. Ukiipumulia inaandika. Mama alipoweka kidole kutafuta herufi moja, ilitoka mistari miwili ya "nnnnnnhhhnnnjjjj". Jirani alisoma kwenye kioo akasema labda ni lugha za kiroho.

Nilikuwa nimeshaona kwenye video kwamba swichi hubadilishwa. Zipo ngumu, ambazo kidole kinaweza kutua juu yake, kikatetemeka, kikajishauri, na herufi isitoke mpaka ubonyeze kwa nia, na ikitoka inalia "ta!" ili ujue. Nilikuwa nimeziagiza kabla ya hotuba ya kaka, zikafika wiki hiyo kwenye mfuko kama njugu. Kwenye video, mzungu mwenye meza safi alichomoa na kuchomeka kwa dakika tano. Ya kwangu nilipoifungua nikakuta swichi zote zimelehemiwa kwenye bodi, kila moja na miguu yake miwili. Zilikuwa zaidi ya mia moja.

Nikampelekea fundi redio wa Tandika, mzee mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya televisheni. Aliigeuza kibodi, akaguna. "Niachie. Njoo baada ya wiki mbili."

Wiki mbili za fundi kila mtu wa Dar anajua kuzihesabu. Huanza siku hiyo na huisha mwenye kitu akifa au fundi akihama. Nikamwambia ni ya mama yangu, kiharusi kimemchukua ulimi, na ninayo siku tano. Akanicheka. Nikamwambia nitafanya mwenyewe, anifundishe. Akacheka zaidi, halafu akanitazama vizuri.

"Sista, ushawahi kushika hiki?" Akaniinulia chuma cha kulehemu.

"Sijawahi."

"Mama yako ndiye yule mwalimu wa Keko? Alinichapa yule." Akasema kama mtu anayetaja chuo alichosoma. Basi akaniazima chuma, kibomba cha kunyonyea risasi ikishayeyuka, na kipande cha risasi yenyewe, maana ndivyo wanavyouita ule waya laini wa kulehemia. Akanionyesha mara moja tu. Unagusisha joto, unahesabu mbili, risasi inang'aa, unanyonya, unaondoka. "Usikae. Ukikaa unaunguza, ukivuta kwa nguvu unang'oa shaba ya chini, na shaba ikiondoka hairudi. Na uanzie mahali ambapo hata ukiharibu hakuna msiba."

Ushauri huo niliutafakari njia nzima, nikajiona mwenye akili sana. Watu wa video walikuwa na taabu ya kuchagua herufi ya kuharibu, kwa sababu lugha zao hutumia zote. Sisi Kiswahili kimetupa mbili za bure kabisa, Q na X. Hakuna Mswahili aliyewahi kukwama kwa kukosa Q. Nikaomba likizo ya siku nne, nikaweka meza barazani, nikang'oa vifuniko vya herufi vyote nikavitia kwenye bakuli, nikaigeuza kibodi kwa kuifudikiza kama ninavyogeuza chapati. Q iko mstari wa tatu kutoka juu, ya pili kutoka kushoto. Nikahesabu mara mbili, maana mimi ni mtu makini.

Nikakaa. Fundi alisema usikae, nami nikakaa kama niko kwa ndugu. Risasi ikayeyuka, ikapita kung'aa, ikawa nyeusi, kibomba kikanyonya hewa, swichi ikagoma, nikavuta, ikaja na kiduara kidogo cha shaba kimeng'ang'ania mguuni. Hapo hapo nikajiunguza kidole cha shahada. Moshi wa dawa iliyomo kwenye risasi unanukia utomvu, na jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Umeanza kufukiza ubani? Mganga gani? Na mie niambie basi."

"Nachoma risasi, jirani."

Akarudisha kichwa chini haraka. Nami nikakitazama kile kiduara cha shaba nikajifariji kwamba ni Q tu, nani atailia. Nikaibandika swichi mpya juu ya kidonda, nikaimwagia risasi nyingi kama mtu anayeziba pancha kwa ugali, nikaendelea.

Kwa siku tatu mchana kutwa nilifanya kazi hiyo, mama akiwa amekaa kwenye kiti chake pembeni yangu akinisimamia. Kiti hicho alitengenezewa na seremala mmoja wa Keko, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye mpaka leo akiongea naye huficha mikono nyuma. Kufika swichi ya ishirini nilikuwa nimejua kuhesabu mbili. Kufika ya hamsini viungo vyangu vilianza kuwa na umbo la mlima mdogo unaong'aa, na mama, ambaye hakuwahi kunipa vema tatu kwa mkupuo, aliinamisha kichwa kidogo. Nilifurahi kuliko siku niliyoajiriwa. Mchagua jembe si mkulima, nikajiambia, huku nimeshika jembe la kuazima na vidole vinne vyenye malengelenge.

Jumamosi alasiri nikamaliza. Nikarudisha vifuniko vyote mahali pake, nikaunganisha kibodi na kompyuta yangu, nikaiweka mapajani mwa mama. Nikaosha uso, nikatoka nje, nikaingia upya kama ninavyoingia kila asubuhi, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

Akanyanyua mkono wa kushoto. Kidole kikatua, kikatetemeka, kikajishauri, na kibodi haikuandika kitu mpaka alipobonyeza. Ta! Nilitaka kupiga vigelegele. Kidole kikaenda kwingine, ta! Alifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo, kisha akaushusha mkono na kunitazama kwa macho yanayong'aa. Nikaenda kusoma kwenye kioo.

Kulikuwa na "mrhb".

"Mama," nikasema, "jaribu tena, taratibu." Akajaribu tena. Ikatoka "mrhb" nyingine, hakuna tofauti.

Nilikaa chini. Kibodi ilikuwa nzima, nimeisikia ikilia kila alipobonyeza. Kwa hiyo kilichoharibika hakikuwa kibodi. Daktari alikosea, au alinionea huruma. Miezi saba nilikuwa nabishana na kila mtu kwamba mama yangu yumo humo ndani, mzima, na kumbe nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nililia, na nililia mbele yake bila kujificha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu darasa la nne. Yeye akawa anagonga mkono wa kiti. Mara tatu, tena mara tatu, kwa hasira. Nikamletea maji. Akayasukuma yakamwagika.

Basi nikavuta kompyuta na kibodi kwangu, nikafungua kundi la familia, nikaandika bila kutazama kioo, kama mpiga chapa yeyote, ule ujumbe ambao kaka aliusubiri wiki nzima: Kaka, nadhani uko sahihi, mchukueni mama. Kabla ya kutuma nikainua macho nisome.

"Kk, ndhni uko shihi, mchukueni mm."

Nikasoma tena. Nikabonyeza A. Ikalia vizuri kabisa, ta, na haikuandika kitu. Nikabonyeza Q, ambayo niliiua kwa mkono wangu na kuifanyia mazishi, nayo ikaandika q nzuri ya afya njema.

Ukifudikiza kitu, cha juu kinakuwa chini. Hilo hata chapati inajua. Mstari wa tatu kutoka juu niliouhesabu mara mbili kwa umakini wangu ulikuwa wa tatu kutoka chini. Katika herufi zote za Kiswahili, lugha ambayo huwezi kuita mama wala baba, huwezi kuomba maji, chakula, msaada wala samahani bila hiyo herufi, mimi nilichagua A iwe ya kujifunzia.

Kisha nikaisoma upya "mrhb", nikaziweka A zake moja moja mahali pake. Nikageuka. Mama alikuwa ananitazama kama alivyomtazama mtoto aliyeandikiwa jibu ubaoni na bado anakosea.

Niliufuta ule ujumbe wa kwenda kwa kaka, nikapiga picha ya kidonda, nikamtumia fundi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake redio tatu zinaongea kwa pamoja: "Sista, umeng'oa shaba, si nilikwambia? Usiguse tena hapo. Tafuta kiwaya chembamba, toka mguu wa hiyo swichi ruka mpaka mguu wa jirani yake wa njia moja. Fuata mstari kwenye bodi kwa macho, utamwona. Na umsalimie mwalimu."

Jumapili asubuhi watu wa Yombo wakielekea kanisani, mimi nilikuwa barazani nimepasua waya wa spika za masikioni. Nilifuata mstari kwa macho mara nne, na safari hii nikahesabu kwa kubandika karatasi yenye jina kwenye kila mguu. Gusa, moja, mbili, ondoka. Upande wa kwanza. Gusa, moja, mbili, ondoka. Niliposikia gari la kaka nilikuwa bado nafunga skrubu.

Kaka aliingia na mama mdogo. Mama mdogo alisalimia vizuri, akaketi, akampapasa dada yake goti. Kaka alisema "shikamoo mama" akiwa anapita kwenda kwenye kochi, akakaa, akasafisha koo.

"Tusipoteze muda. Mama mdogo ni shahidi. Hali ya mama sote tunaiona, hajisemei, na—"

Ta!

Akatazama juu kama mtu aliyesikia panya kwenye dari. Ta! Mama alikuwa ameinama juu ya kibodi, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Niliigeuza kompyuta iwatazame. Herufi zilikuwa zinatoka kwa mwendo wa foleni ya benki. S, i, h. Halafu kidole kikaenda kushoto, kikatetemeka juu ya A. Ta! Nikatazama kioo.

"sihami."

Nukta aliiweka. Mwalimu ni mwalimu.

Mama mdogo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kaka alisoma neno lile moja kwa muda ambao mtu hutumia kusoma mkataba. "Hii... ameandika yeye? Hujampangia?" Mama akainua kidole kile kinachotetemeka, akamwelekezea mlangoni, akaandika neno la pili, na tukalisubiri lote.

"rudi"

Kaka yangu ana miaka hamsini, ana geti. Alisimama kutoka kwenye kochi, akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akaja akasimama mbele ya kiti cha mama, mikono imejiweka nyuma yenyewe.

"Shikamoo mama," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu avae kaptula.

Mtu yule huwa hangoji chochote, hata taa nyekundu. Alingoja herufi zote nane. Ilipotoka A ya mwisho alikuwa amepiga magoti, na kichwa chake kiko mapajani mwa mama, pembeni ya kibodi, na mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya upara wake. Hakuna aliyekumbuka kufunga kikao.

Baadaye sana, akiwa ameshajifuta uso na kurudia ukubwa wake, aliuliza kama mwenyekiti: "Sasa mama, hapa unatunzwa vizuri?"

Nilikaa nikisubiri sifa zangu, nimeweka vidole vyenye malengelenge juu ya meza ili vionekane. Ta, ta, ta. Ilichukua muda mrefu kuliko vyote.

"mchuzi wake hauna chumvi"

"Mama, daktari amekataza!" nikafoka. Akaanza kuandika jingine, na nilijua kwa namna alivyokunja midomo kwamba litakuwa baya zaidi. Nikaenda jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili, nikalia mpaka mama mdogo akaja kuniuliza kama nimejiunguza tena. Chumvi sikuweka.